Elisi inayofaa kanoti ya mbio: namba, mzigo na urefu wa ziwa

Kanoti mbili za kipimo kimoja zinatoka kwenye bandari moja, na moteri za aina moja, kwa safari ileile. Moja inafika na mafuta bado iko ndani ya bidoni. Ingine inafika imechelewa, moteri inatoa moshi mweusi na mafuta imeisha. Wengi wanasema moteri ya pili imechoka, ao mafuta iliyochanganywa ni mbaya. Inawezekana. Lakini mara nyingi sababu iko chini ya maji: elisi haikuchaguliwa kulingana na kanoti, mzigo na ziwa.

Kwenye ziwa Kivu, Tanganyika, Edward na Albert, watu wengi wananunua elisi kwa kuangalia kitu kimoja tu: kama inaingia kwenye mti wa moteri. Ikiingia, inafungwa na safari inaanza. Makala hii inaeleza kile elisi inafanya, namna ya kusoma namba zake, na namna ya kujua kama inafaa, hasa kwa kanoti za mbio zinazobeba wasafiri.

Namba mbili kwenye elisi

Kila elisi ya kiwanda iko na namba zilizopigwa kwenye kitovu ao kwenye panga, kwa mfano 11 x 13. Namba ya kwanza ni upana wa duara ambayo mapanga yanachora yakizunguka. Namba ya pili ni hatua, ile mafundi wanaita "pa". Zote mbili zinapimwa kwa pusi, na pusi moja ni sentimeta 2.54. Aina fulani za moteri zinaongeza herufi mwishoni, kuonyesha elisi inaingia kwenye familia gani ya moteri.

Hatua ni umbali ambao elisi ingeendelea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu, sawa vile skuru inaingia kwenye mbao. Elisi ya hatua 13 ingeendelea sentimeta 33. Lakini maji siyo mbao. Elisi inateleza kidogo kila mara. Kwa kanoti nyepesi inayokimbia juu ya maji, mteleziko uko kati ya asilimia 10 na 20. Kwa mtumbwi mzito unaosukuma maji, unapita hapo.

Hatua inafanya kazi kama vitesi vya gari. Hatua ndogo ni kama vitesi ya kwanza: inavuta mzigo, lakini haikimbii sana. Hatua kubwa ni kama vitesi ya mwisho: inakimbia, lakini tu kama moteri iko na nguvu ya kuizungusha. Dereva anayepanda mlima na vitesi ya mwisho anasikia moteri inalia. Ni vile moteri ya kanoti inalia, ila kwenye maji upepo na mawimbi vinafunika sauti.

Mizunguko ndiyo inasema ukweli

Elisi nzuri siyo ile ya bei kali wala ile ya jirani. Ni ile inayoacha moteri ifikie mizunguko yake wakati gazi imefunguliwa yote na kanoti imebeba mzigo wake wa kila siku. Kila moteri iko na mipaka iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Kwa moteri nyingi za kufunga nyuma, mipaka hiyo iko mahali fulani kati ya 4,500 na 6,000 kwa dakika, kulingana na aina. Kitabu cha moteri yenyewe ndicho kinafuatwa.

Mizunguko ikibaki chini ya mpaka, elisi ni nzito kwa moteri. Mafuta inaingia mingi, haiungui vizuri, masizi inajaa kwenye pistoni na kwenye buji, na joto inapanda. Moteri ya namna hiyo inaweza kufanya kazi miezi, kisha inatoboka pistoni katikati ya ziwa. Mizunguko ikipita mpaka wa juu, elisi ni nyepesi mno. Moteri inazunguka kupita kiasi, na vyuma vyake vinalika mbele ya wakati.

Kanuni ya mafundi ni hii: kupunguza hatua kwa pusi moja kunaongeza mizunguko kati ya 150 na 200 kwa dakika, na kuongeza pusi moja kunaipunguza vilevile. Mfano: kitabu kinasema 4,500 hadi 5,500. Kanoti ikiwa na wasafiri wake wote inafikia 4,400 tu, na elisi yake ni ya hatua 13. Mwenye kanoti anataka ifike karibu na 5,000. Zinakosekana 600, ni kusema hatua tatu: elisi ya hatua 10 ndiyo ya kujaribu.

Mbio pia inaweza kuhesabiwa. Moteri ikizunguka 5,000, na gia zake zikipunguza kwa nusu, elisi inazunguka 2,500 kwa dakika. Kwa hatua 13, ni mita 825 kwa dakika, karibu kilometa 49 na nusu kwa saa. Ukitoa mteleziko wa asilimia 20, inabaki karibu kilometa 40 kwa saa. Kama telefone yenye GPS inaonyesha 25 tu kwenye maji matulivu, kuna kitu hakiendi: mzigo, chini ya kanoti kuchafuka, elisi kupindika, ao moteri kufungwa juu mno.

Kivu siyo bahari

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya moteri vinagusa kidogo tu. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na moteri ya essence isiyo na turbo inavuta hewa kidogo kila pigo. Kwa urefu huo, hewa inapungua karibu asilimia 13, na nguvu ya moteri inapungua kwa kiasi hichohicho. Moteri iliyoandikwa 40 inafanya kazi kama 35. Kwenye Tanganyika, iliyo karibu mita 770, inapoteza karibu asilimia 7. Albert iko chini zaidi, karibu mita 620. Edward, yenye mita zaidi ya 900, iko katikati.

Maana yake ni nyepesi: elisi iliyofaa moteri hiyo pwani, ao hata Uvira na Kalemie, inaweza kuwa nzito Goma na Bukavu. Moteri nyingi zinafika mashariki kwa njia ya bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na elisi zake za kiwanda hazikuchaguliwa kwa ajili ya Kivu. Mara nyingi kupunguza pusi moja ao mbili kunarudisha mizunguko mahali pake. Nguvu iliyopotea hairudi, lakini moteri inaacha kuteseka.

Moteri ya karburateri inaomba pia jambo la pili. Hewa ikipungua na mafuta ikibaki ileile, mchanganyiko unakuwa mzito: moshi mweusi, buji nyeusi, mafuta mingi. Fundi anayejua kazi anaweka giklere ndogo kidogo kulingana na kitabu. Lakini kanoti hiyo ikishushwa kwenye Tanganyika, giklere lazima zirudishwe, juu mchanganyiko mwepesi mno unachoma pistoni.

Mapanga matatu ao mane

Elisi nyingi ziko na mapanga matatu, na kwa kanoti nyepesi ya mbio hayo yanatosha. Mapanga mane yanashika maji vizuri zaidi wakati kanoti imebeba, yanapunguza mtikisiko, na yanasaidia kanoti kuinuka juu ya maji na kubaki hapo hata mbio ikipungua. Kwa malipo, mbio ya juu inashuka kidogo. Anayehama kutoka matatu kwenda mane anapunguza kawaida hatua kwa pusi moja, kusudi mizunguko isishuke.

Kuhusu chuma, kuna aluminiumu na inoksi. Inoksi ni ngumu, panga lake ni jembamba na halipindiki kwenye mbio kubwa. Ni elisi ya wanaotafuta mbio kweli. Lakini bei yake ni mara nyingi ya aluminiumu, na ikigonga jiwe haivunjiki: pigo linaingia ndani, kwenye mti na kwenye gia. Kwenye mawe ya moto wa volkano kandokando ya Goma, ao kati ya visiwa, aluminiumu inayojitoa ni bora kuliko gia zinazovunjika. Pia fundi wa kuchomelea anaweza kuinyoosha. Aangalie tu kwamba mapanga yote yanabaki sawa kwa uzito na kwa mpindo. Elisi isiyo sawa inatikisa, na mtikisiko unakula vifungo na mipira inayozuia maji kuingia.

Elisi zingine ziko na ukingo wa nyuma uliokunjwa kidogo kama kijiko. Mkunjo huo unashika maji vizuri kwenye kona na kwenye mawimbi, lakini unashusha mizunguko karibu sawa na kuongeza pusi moja.

Moteri ya ndani yenye mguu wa nje

Vyombo vingine vya mbio haviko na moteri ya kufunga nyuma. Moteri iko ndani, mguu unatoka nje na elisi yake. Kampuni Volvo Penta ya Suède ilileta mguu wa namna hiyo sokoni mwaka 1959, na mwaka 1982 ikaleta mguu wenye elisi mbili zinazozunguka kinyume, moja nyuma ya ingine. Elisi hizo zinauzwa mbili pamoja, na haifai kubadilisha moja na kuacha ingine.

Kanuni ni zilezile, lakini mizunguko ni tofauti: moteri kubwa za essence za namna hiyo nyingi zinaomba kati ya 4,400 na 5,200. Zile za mazutu zenye turbo hazipotezi nguvu sana kwenye urefu wa Kivu, kwa hiyo elisi yake haiwezi kuchaguliwa kwa hesabu ya moteri ya essence. Kama kuna moteri mbili, kawaida moja inazunguka kulia na ingine kushoto, ili kanoti isivutwe upande mmoja. Elisi ya kulia haifungwi kwenye mguu wa kushoto.

Namna ya kupima bila kudanganyika

Chombo cha kwanza ni kipima mizunguko. Kuna kidogo kinachozungushwa waya wake kwenye waya wa buji. Jaribio linafanywa asubuhi, maji yakiwa yametulia, mbali na waogaji na mitego ya wavuvi. Kanoti ibebe uzito wa safari ya kawaida: bidoni na mifuko vinaweza kuchukua nafasi ya watu. Gazi inafunguliwa yote kwa muda mfupi, mguu ukiwa umenyooka, na namba inaandikwa. Kupima kanoti tupu ni kujidanganya.

Mbele ya kulaumu elisi, inafaa kuangalia mambo matatu. La kwanza ni urefu wa moteri: ubao wa chuma ulio juu ya elisi unatakiwa kuwa sawa na chini ya kanoti, ao chini yake kidogo. Ukiwa juu, elisi inavuta hewa, moteri inalia lakini kanoti haiendi. La pili ni kaucho ya ndani ya kitovu. Ikichoka, mti unazunguka na elisi inabaki nyuma. Fundi anachora mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje. Ukikatika baada ya jaribio, kaucho imeteleza. La tatu ni uzi wa kuvulia uliojizungusha nyuma ya elisi. Unakata mpira wa mafuta, maji yanaingia kwenye gia, na mafuta yake inageuka nyeupe kama maziwa.

Kabla ya mkono kugusa elisi, moteri inazimwa, inawekwa kwenye pwemo, kamba ya usalama inatolewa na nyaya za buji zinachomolewa. Kipande cha mbao kinazuia panga wakati ekru inafunguliwa. Mti unapakwa grese, na gupiye mpya inawekwa. Msumari siyo gupiye. Kivu iko na kina cha karibu mita 485, na elisi iliyotoka haina wa kuipiga mbizi. Kwa hiyo kanoti ya wasafiri isitoke bila elisi ya pili, ekru, gupiye na ufunguo wake.

Kile elisi haiwezi

Elisi ya hatua ndogo inavuta mzigo vizuri, na hapo ndipo hatari inajificha. Kanoti ikienda bila shida, mtu anafikiri inaweza kuongezewa watu. Lakini elisi haiongezi urefu wa ukingo juu ya maji, wala haizuie chombo kuegama. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanaingojea, na makumi ya watu wakafa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Hakuna elisi ingeiokoa.

Wenye kanoti wanaobeba watu siku moja na mifuko ya bidhaa siku ingine wanaweza kuwa na elisi mbili: ya hatua kubwa kwa safari nyepesi, ya hatua ndogo kwa mzigo. Hesabu ya watu na makoti ya kuokoa maisha inabaki ileile kwa zote mbili.