Vipuri na Akiba: Historia Fupi ya Majina ya Zana za Safari za Porini

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza majina ya vipuri na zana ambazo dereva huchukua anapokwenda mahali pasipo na barabara ya kuaminika. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kuwa jambo hili ni la madereva na mafundi peke yao. Sivyo. Ofisi zetu huagiza vipuri, vyuo vya ufundi hufundisha kwa miongozo iliyotafsiriwa, na watumishi wa serikali hutumwa vijijini kwa magari. Neno likikosewa katika hati ya kuagizia, gari hulala porini, na dawa, mbegu au karatasi za mtihani zilizokuwa zikipelekwa hulala pamoja nalo.

Tuanze na safari yenyewe. Tarehe 10 Agosti, 1907, Luteni Paul Graetz, Mjerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa iliyotengenezwa Gaggenau, Ujerumani, akafika Swakopmund, kwenye pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei, 1909. Safari hiyo ilichukua siku 630. Wakati huo hapakuwa na gereji njiani wala duka la vipuri. Yaliyokuwapo ni mikono ya watu, na zana ambazo watu hao walikuwa na majina yake tangu zamani.

Jambo hili ni la msingi. Zana nyingi za kulikwamua gari zilikuwapo katika Kiswahili kabla ya gari kufika. Nyundo na koleo zilikuwa za mhunzi. Shoka na panga zilikuwa za mkulima. Kamba na kapi zilikuwa za baharia. Bomba na parafujo ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno, msumari kwa Waarabu, na neno gari lenyewe kwa Wahindi. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujawa wa motokaa, na mtu wa kwanza aliyeuita hivyo hakuhitaji kikao cha kamati: aliona kazi ni ile ile, akalihamisha jina kutoka majini kulileta nchi kavu.

Sehemu za injini zilikuwa na historia nyingine. Zilifika ndani ya makasha pamoja na majina yake. Ndiyo sababu tunasema springi, breki, klachi, plagi, betri na tairi. Maneno haya yalipokewa kwa sikio, si kwa jicho, na mafundi wakayapa umbo la Kiswahili kwa kuyamalizia na irabu. Spana na jeki nazo zilipita njia hiyo hiyo. Tena jeki limestarehe kiasi cha kuzaa msemo: leo husemwa kwamba shughuli fulani ya maendeleo imepigwa jeki, na msemaji huenda hajapata kuligusa gurudumu maisha yake yote. Neno likishafika hapo, si geni tena.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, tatizo la vipuri lilionekana wazi katika nchi yetu kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kabla. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, na ukaenea Urambo na Nachingwea, ulitegemea matrekta mengi yaliyookotwa katika akiba za majeshi, mengine kutoka Ufilipino. Yalikuwa ya aina mbalimbali, yamechakaa, na vipuri vyake havikupatikana kwa urahisi. Ardhi ya Kongwa nayo ilikuwa ngumu, ikala majembe ya matrekta. Mpango uliachwa mwaka 1951 kwa sababu nyingi. Lakini upungufu wa vipuri ulikuwa mojawapo.

Funzo la pili lilitoka barabarani. Tarehe 11 Novemba, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, ikalazimika kutafuta njia nyingine. Mapipa ya mafuta yalipakiwa Dar es Salaam yakapelekwa kwa malori kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma na kuendelea. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya udongo na changarawe. Wakati wa masika malori yalizama katika tope, mengine yakapinduka, na waandishi wa kigeni wakaiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kabla ya hapo, uhai wa shehena ulikuwa mikononi mwa dereva na utingo wake, na ndani ya sanduku lao la vifaa.

Tukiyatazama mafunzo haya mawili kwa pamoja, tunaona tofauti ambayo istilahi zetu hazina budi kuilinda. Kongwa palikosekana vipuri, yaani sehemu zilizotengenezwa ili zichukue nafasi ya zile zilizoharibika. Katika njia ya Zambia, vipuri viliweza kuwapo Dar es Salaam visimfae kitu dereva aliyekwama mbali nako. Alichohitaji kilikuwa akiba. Mkanda wa feni ulioko dukani ni kipuri. Ukiwekwa chini ya kiti cha dereva, umekuwa akiba pia. Tairi la akiba ni jina zuri kwa sababu hiyo. Maji na mafuta yaliyomo katika madebe ni akiba, wala si vipuri. Nalo neno spea hubeba maana zote mbili, na mfasiri asiyekuwa mwangalifu huandika vipuri kila mahali, hata panapotakiwa akiba. Mtunza ghala akisoma hivyo, huvifungia kabatini vitu ambavyo vingepaswa kuwa ndani ya gari.

Spana nayo ina mitego yake. Mafundi huitaja kwa namba, na namba ikitajwa bila kipimo ni hatari. Spana ya milimita 13 hukaribia kulingana na nati yenye upana wa nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, lakini hucheza, na hatimaye huzila pembe za nati. Zaidi ya hayo, katika mtindo wa zamani wa Kiingereza, nusu inchi iliyochongwa kwenye spana haikuwa upana wa mdomo wake, bali unene wa bolti, na mdomo ulikuwa mpana zaidi sana. Kwa hiyo istilahi kamili haina budi kutaja aina, namba na kipimo. Ama ile spana ambayo mdomo wake hupanuliwa na kupunguzwa, mafundi huiita spana malaya. Jina hili hueleweka mara moja, lakini huwadhalilisha wanawake, na mwalimu hawezi kuliandika ubaoni bila kusita. Tunapendekeza spana ya kurekebisha kwa vitabu na hati, huku tukilihifadhi lile la gereji katika kumbukumbu zetu ili msomaji wa kitabu na fundi waweze kuelewana.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, kazi ya kusanifu istilahi imekuwa na desturi ya kuanzia kwenye orodha ya maneno ya kigeni. Katika uwanja huu tunashauri kuanzia kwenye sanduku la utingo. Lifunguliwe, kila kitu kitolewe, na aulizwe: hiki unakiitaje, na unakitumia lini? Humo tutakuta jeki na kipande cha ubao cha kuwekwa chini yake ili isizame, mpira wa ndani, viraka na gundi, pampu ya kujazia upepo, plagi, fyuzi, waya, senta bolti ya springi, beleshi, sururu na mnyororo. Vingi tayari vina majina. Pale tu jina linapokosekana, linapochanganya vitu viwili au linapomvunjia mtu heshima, ndipo mwanaistilahi anapoitwa.

Dereva aliyekwama hutuma ujumbe kwa lori linalopita. Ujumbe huo utapita vinywa vitatu au vinne kabla ya kufika dukani, na kitakacholetwa ni kile kilichotajwa. Istilahi ya vipuri ipimwe kwa safari hiyo.