Baba akijaza risasi nyumbani: mlinde mtoto dhidi ya vumbi lake

Katika majimbo mengi ya Marekani, kama Idaho, Montana na South Dakota, kuwinda ni burudani ya kawaida. Familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia huko hukuta majirani na wafanyakazi wenzao wakienda porini kila wikiendi, na si ajabu mume, kaka au kijana wa nyumbani naye akaipenda. Wengine hawaishii kununua risasi dukani. Huokota maganda yaliyotumika, huyaleta nyumbani na kuyajaza upya kwa mkono, kwenye gereji au kwenye chumba cha chini ya nyumba.

Hatukuandikii ili ugombane na mtu juu ya burudani yake. Tunataka ujue kwamba kazi hii huacha vumbi lenye sumu, kwamba vumbi hilo humdhuru zaidi mtoto mdogo na mimba, na kwamba kulizuia kunawezekana.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili kinasema "risasi" kwa kitu kinachotoka kwenye bunduki, na pia kwa yale madini mazito ya kijivu. Hapa tukisema "madini ya risasi" tunamaanisha sumu.

Vumbi linatoka wapi

Risasi moja ya bunduki ina sehemu nne: ganda la rangi ya dhahabu, fataki ndogo nyuma yake inayowaka ikigongwa, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ganda linaweza kutumika tena mara kadhaa. Anayejaza hung'oa fataki ya zamani, hulirudisha ganda kwenye umbo lake kwa mashine ya mkono, huweka fataki mpya, hupima baruti kwa mizani midogo, kisha hukandamiza kichwa kipya juu.

Wengi hudhani hatari iko kwenye kichwa, kwa kuwa ndicho chenye madini mengi. Lakini vichwa vingi vya bunduki vimevikwa shaba, na kuvishika havitoi vumbi jingi. Tatizo kubwa liko kwenye fataki. Fataki nyingi zina kemikali yenye madini ya risasi, nazo zikiwaka huacha majivu laini ndani ya ganda. Ganda likifunguliwa majivu hayo hudondoka mezani. Mbaya zaidi ni kuyasafisha maganda: watu wengi huyazungusha ndani ya pipa dogo la umeme pamoja na maganda ya njugu yaliyosagwa au magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Wakati wa kumwaga na kuchekecha, vumbi jepesi hupanda hewani na kutua kila mahali, likiwemo zulia ambalo mtoto anatambaa.

Wapo pia wanaoyeyusha vipande vya madini ya risasi ili kutengeneza vichwa wenyewe. Hiyo isifanyike kabisa ndani ya nyumba wanamoishi watoto, na sufuria iliyotumika isirudi jikoni hata ikisuguliwa mara kumi.

Kwa nini mtoto huumia kuliko baba

Mtu mzima akimeza madini ya risasi, mwili wake huchukua takriban sehemu moja kati ya kumi. Mwili wa mtoto mdogo unaweza kuchukua hadi nusu. Tena mtoto hutambaa, hushika kila kitu na kutia vidole mdomoni, na ubongo wake bado unajengwa. Ndiyo maana baba anaweza kujisikia mzima kabisa huku mtoto wake akidhurika kwa vumbi lilelile lililokuja na viatu vyake.

Mara nyingi hakuna dalili. Kiwango kikipanda sana, mtoto anaweza kuumwa tumbo, kukosa choo, kukataa chakula, kuwa na hasira au kupungukiwa damu. Madhara ya kiwango kidogo huonekana baadaye: kuchelewa kuongea, kushindwa kutulia, taabu ya kujifunza shuleni. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Wasomaji kutoka Mombasa wanakumbuka Owino Uhuru, ambako uyeyushaji wa betri kuukuu uliingiza madini haya katika damu za watoto wa mtaa mzima. Chanzo hapa ni kingine na ni kidogo zaidi, ila sumu ni ileile.

Ukiwa mjamzito, madini haya hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Pia yale yaliyojificha kwenye mifupa yako tangu zamani yanaweza kurudi kwenye damu wakati wa mimba na kunyonyesha. Kwa hiyo usisaidie kusafisha maganda, usifagie chumba hicho, wala usifue nguo za kazi hiyo. Na ule udongo wa kutafuna wakati wa mimba uache, maana wenyewe unaweza kuwa na madini ya risasi.

Omba kipimo, usingoje dalili

Kipimo ni damu kidogo tu. Ikitolewa kidoleni na majibu yakawa juu, hurudiwa kwa damu ya mshipa, kwa sababu vumbi lililo kwenye ngozi linaweza kudanganya. Nchini Marekani, watoto wenye bima ya Medicaid wanapaswa kupimwa wakiwa na miezi 12 na tena miezi 24, na watoto wakimbizi hupimwa wanapofika. Lakini daktari hawezi kujua kinachofanyika gereji kwenu usipomwambia. Sema hivi: "Nyumbani kwetu kuna mtu anajaza risasi za bunduki. Naomba mtoto apimwe madini ya risasi kwenye damu." Una haki ya mkalimani. Mtoto mkubwa asiachiwe kazi ya kukutafsiria.

Tangu mwaka 2021, idara ya afya ya Marekani, CDC, hutumia mikrogramu 3.5 kwa kila desilita ya damu kuwa kiwango cha kuanza kumfuatilia mtoto. Dawa za kuyatoa madini hayo mwilini kwa kawaida hufikiriwa kuanzia 45. Chini ya hapo tiba ni kuondoa chanzo, kumlisha mtoto vizuri na kurudia kipimo. Mama wengine huondoka kliniki wakiona wamepuuzwa kwa kutopewa dawa, sivyo. Chanzo kikiondoka, damu hupungua taratibu kwa wiki na miezi, ingawa mifupa hubaki na yake kwa miaka.

Chakula husaidia, kwani mwili wenye chuma na kalsiamu ya kutosha hunyonya sumu hii kidogo zaidi. Maharage, dengu, nyama, dagaa wa kuliwa na mifupa yao, maziwa, mboga za majani, pamoja na chungwa au nyanya. Mtoto asikae na njaa muda mrefu, kwa kuwa tumbo tupu hunyonya zaidi.

Mkubaliane nini na anayejaza

Anza na mahali: isiwe jikoni, isiwe meza ya kulia, isiwe chumba chenye zulia. Mtoto asiingie humo, hata "kumwangalia baba tu". Viatu na nguo za kazi vibaki hapo na zifuliwe peke yake. Anawe mikono na uso kwa maji na sabuni kabla ya kumshika mtoto; dawa ya kupaka ya kuua vijidudu haiondoi madini haya. Asile wala kuvuta sigara akiwa kazini. Hayo hayo afanye akitoka kwenye uwanja wa shabaha, na kabla hajaingia kwenye gari lenye kiti cha mtoto.

Maganda yasafishwe kwa maji, si kwa pipa kavu. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kilicholowa na kutupwa. Ufagio hulirusha hewani, na mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi hulitoa upande wa pili. Inayofaa ni yenye chujio la HEPA. Kuna pia fataki zisizo na madini ya risasi na vichwa vya shaba tupu. Ni ghali kidogo, na huenda hapo ndipo mtabishana.

Baruti na fataki zibaki kwenye vifungashio vyake, zifungiwe kwa kufuli mbali na moto. Fataki hung'aa kama kishikizo kidogo, na mtoto huiona ni ya kuchezea, ikigongwa hulipuka. Bunduki ifungiwe ikiwa tupu, na risasi zifungiwe mahali pengine.

Nyama na wanyama waharibifu

Wengi wanaojaza risasi hufanya hivyo kwa ajili ya kuwinda wanyama waharibifu: kindi wa ardhini, wale wanaochimba nyanda nzima kwa mashimo, au koyoti. Mwindaji anaweza kufyatua mamia ya risasi kwa siku, ndiyo maana kujaza mwenyewe humpunguzia gharama. Vichwa vya uwindaji huu hutengenezwa vipasuke vipande vidogo ndani ya mnyama. Nyama hiyo isiliwe, hata kama nyumbani mlizoea nyama ya porini. Tena kindi hao na viroboto wao wanaweza kubeba tauni, ambayo bado ipo magharibi mwa Marekani. Watoto wasiwaguse, na mbwa aliyekwenda huko atibiwe viroboto. Mtu akipata homa kali na uvimbe wenye maumivu siku chache baadaye, mpelekeni hospitali mara moja na mtaje wanyama hao. Tauni hutibika kwa antibayotiki ikiwahiwa.

Hata nyama ya paa ina jambo lake. Mwaka 2008, North Dakota iliviambia vituo vya kugawa chakula vitupe nyama ya paa ya kusaga iliyotolewa na wawindaji, baada ya kukutwa na vipande vya madini ya risasi vidogo mno kuonekana kwa macho. Mkiletewa nyama ya paa, uliza ilipigwa kwa kichwa gani. Kama si cha shaba tupu, usimpe mtoto wala usile ukiwa mjamzito.

Mtoto akimeza fataki au kichwa cha risasi

Usimtapishe. Akiwa Marekani, piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu, bila malipo, saa 24, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Akishindwa kupumua au kuzirai, piga 911. Chukua kifungashio cha alichomeza uende nacho hospitali. Kichwa cha madini ya risasi kikikaa tumboni, asidi hukiyeyusha kidogo kidogo, kwa hiyo apigwe picha ya eksirei hata kama anacheza kama kawaida.