Mizani ya Sauti: Serikali ya Marekani na Ukubwa wa Sauti ya Matangazo ya Biashara ya Televisheni tangu 1941

Utangulizi

Tarehe 1 Julai 1941 kituo cha WNBT cha New York kilirusha tangazo la biashara la televisheni linalohesabiwa kuwa la kwanza kulipiwa kihalali nchini Marekani: saa ya Bulova, ramani ya nchi, sauti ya mtangazaji, na muda wa sekunde kumi hivi. Miaka 69 baadaye, tarehe 15 Desemba 2010, Rais Barack Obama alitia saini sheria inayoitaka tume ya mawasiliano ya nchi hiyo kuhakikisha kwamba sauti ya matangazo ya biashara haizidi ile ya vipindi yanavyoandamana navyo. Makala haya yanachunguza safari iliyopo kati ya tarehe hizo mbili.

Mjadala kuhusu iwapo serikali inapaswa kuingilia jambo hili huendeshwa zaidi kama mjadala wa siasa. Upande mmoja husimamia uhuru wa biashara na wa usemi, na upande wa pili husimamia utulivu wa nyumba ya mtazamaji. Mgawanyo huo si wa uongo, lakini hautoshi kueleza kwa nini nchi yenye malalamiko mengi na tume yenye mamlaka ya kutoa na kufuta leseni ilishindwa kutunga kanuni kwa takribani nusu karne. Hoja ya makala haya ni kwamba kilichokosekana ni mizani. Serikali haikuwa na njia ya kupima kile ambacho wananchi walikuwa wakikilalamikia, na ilipoipata, iliipata kutoka kwa watu wengine. Namna ilivyoipata ndiyo iliyoamua sura ya sheria, pamoja na udhaifu wake.

Sauti kama suala la kikatiba

Jicho lina kope, sikio halina. Jambo hili dogo la kimaumbile liliisumbua Mahakama ya Juu ya Marekani kabla televisheni haijaenea majumbani. Mwaka 1948, katika shauri la Saia dhidi ya New York, Mahakama ilibatilisha kanuni ya mji wa Lockport iliyomwachia mkuu wa polisi hiari ya kutoa au kunyima kibali cha kutumia vipaza sauti. Mwaka mmoja tu baadaye, katika shauri la Kovacs dhidi ya Cooper, Mahakama hiyohiyo iliiruhusu Trenton, mji wa jimbo la New Jersey, kupiga marufuku magari ya vipaza sauti yenye kelele kali barabarani. Mashauri yote mawili yaliamuliwa kwa kura tano dhidi ya nne. Yakisomwa pamoja, yanaonesha mpaka uliokuwa ukichorwa: serikali haikuruhusiwa kuchagua nani aseme, ila iliweza kusimamia ukubwa wa sauti anayosemea.

Shauri la tatu liko karibu zaidi na mada hii. Kampuni ya usafiri ya Washington ilikuwa imefunga redio ndani ya mabasi na tramu zake, zikipiga muziki uliochanganyika na matangazo ya biashara, na baadhi ya abiria walipinga kulazimishwa kusikiliza. Mwaka 1952 Mahakama iliamua dhidi ya abiria. Jaji Douglas alipinga uamuzi huo kwa kusimamia haki ya mtu kuachwa kwa amani. Jaji Frankfurter alijiondoa kabisa katika shauri, kwa maelezo kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waathirika, na hisia zake zilikuwa kali mno kumwacha ahukumu kwa haki. Ni nadra jaji kukiri kwamba masikio yake yamemwondolea utulivu wa kuhukumu, na kukiri huko kunaeleza uzito wa jambo kuliko kurasa nyingi za hoja.

Kwa hiyo, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, mlango wa kikatiba ulikuwa wazi. Kanuni isiyobagua ujumbe bali inayogusa ukubwa wa sauti peke yake ilikuwa na nafasi nzuri ya kusimama mahakamani.

Soko nalo lilikuwa na jibu lake. Eugene McDonald, mkuu wa kampuni ya Zenith, aliyachukia matangazo ya biashara, na mwaka 1955 kampuni yake ilitoa Flash-Matic, rimoti ya kwanza isiyotumia waya. Mtumiaji alimulika kona za televisheni kwa mwanga, na kona mojawapo ilizima sauti huku picha ikibaki. Zenith iliinadi wazi kwa ahadi hiyo ya kunyamazisha matangazo. Watetezi wa soko wamekuwa wakisema tangu hapo kwamba mwenye rimoti hahitaji sheria. Hoja hiyo inasahau kwamba rimoti hutumika baada ya sikio kuumizwa. Mzee aliyesinzia, au mama aliyetoka kumlaza mtoto, hajalindwa na kitufe anachokibonyeza wakati mtoto ameshaamka.

Mizani iliyokosekana, 1965–1984

Malalamiko yalipozidi, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ilifanya uchunguzi, na mwaka 1965 ikatoa tamko la kisera. Tamko hilo liliwakumbusha wenye leseni kwamba ni wajibu wao kuzuia matangazo yenye sauti ya kuudhi. Liliwataka waepuke kubana sauti kupita kiasi, na wajihadhari na usomaji wa haraka na wa kufoka. Lilikuwa tamko zuri, na ugumu wake ulikuwa mmoja tu: hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba limevunjwa.

Ili kuelewa sababu, ni lazima kuingia kidogo ndani ya chumba cha fundi mitambo. Kipimo alichokitegemea kilikuwa kile cha mshale kilichosanifiwa mwaka 1939 na maabara za Bell kwa kushirikiana na CBS na NBC. Mshale huo uliitikia sauti kwa kipindi cha takribani sekunde 0.3, na kazi yake ilikuwa kumsaidia fundi asiuelemee mtambo wa kurushia. Nao mtambo ulikuwa na kikomo cha kisheria kwa vilele vya sauti. Tangazo la biashara na tamthilia vyote viliishia kwenye kikomo kilekile, kwa hiyo mwenye kituo aliweza kusema, bila kudanganya, kwamba tangazo halikupita kiwango.

Lakini sikio la binadamu halihesabu vilele. Husikia jumla ya nguvu ya sauti kwa muda, tena kwa upendeleo. Fletcher na Munson wa maabara za Bell walikwishaonesha mwaka 1933 kwamba sauti zenye nguvu sawa hazisikiki sawa iwapo masafa yake yanatofautiana; sikio ni jepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi, eneo ambalo hubeba sehemu kubwa ya uwazi wa matamshi. Mtengenezaji wa tangazo alihitaji mambo mawili tu. Kwanza aliibana sauti, yaani alizipandisha sehemu za chini zikaribie vilele, hata kusiwe na pumziko la sikio. Pili aliongeza nguvu katika masafa yale ambayo sikio huyapokea kwa wepesi. Tamthilia ilifika kwenye kikomo mara chache, pale bunduki ilipolia. Tangazo lilikaa hapohapo sekunde zote thelathini. Kulipima kwa kilele chake ni sawa na kuipima mvua ya masika kwa tone lake kubwa kuliko yote.

Wanasayansi walilifahamu tatizo hili. Katikati ya miaka ya 1960, Benjamin Bauer na Emil Torick wa maabara za CBS walitengeneza kipimo kilichojaribu kuiga usikivu wa binadamu badala ya kufuata vilele. Kifaa kilikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano ya wote kwamba kifaa hicho, na si kingine, ndicho mwamuzi. Hapa ndipo tofauti kati ya kifaa na mizani inapojitokeza: mizani ya sokoni huwa mizani pale muuzaji na mnunuzi wanapokubali jiwe lake.

Tume ilifungua upya suala hilo mwaka 1979, na mwaka 1984 ikalifunga bila kanuni. Maelezo yake yalikuwa kwamba mambo mengi yanayochangia ukubwa wa sauti ni ya kihisia, na hivyo kanuni yenye ufanisi haiwezekani. Ni rahisi kuusoma uamuzi huo kama zao la siasa za enzi ya Rais Reagan, ambapo Tume chini ya Mark Fowler ilikuwa ikipunguza kanuni kila upande. Siasa zilikuwepo bila shaka. Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi, sababu iliyotolewa haikuwa kisingizio kitupu. Kanuni inayomwadhibu mtu kwa kosa lisilopimika humwachia ofisa uamuzi wa kibinafsi, na hilo ndilo hasa Mahakama ililolikataa katika shauri la Lockport.

Mfano wa nchi nyingine unaimarisha usomaji huu. Amri ya Ufaransa ya mwaka 1992 ilitaka sauti ya matangazo isizidi wastani wa kipindi, lakini utekelezaji wenye kiwango cha namba ulianza Desemba 2011. Brazil ilitunga sheria mwaka 2001, na kanuni za kuitekeleza zilichelewa kwa zaidi ya miaka kumi. Nia ya serikali hizo ilikuwa imeandikwa. Jiwe la mizani ndilo lililosubiriwa.

Namba inapopata nguvu ya sheria

Jiwe hilo lilipatikana mwaka 2006, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulipotoa pendekezo BS.1770. Msingi wake ulikuwa majaribio ya usikilizaji, yakiwemo ya Gilbert Soulodre katika Kituo cha Utafiti wa Mawasiliano cha Canada. Matokeo yake yalishangaza: kanuni nyepesi ya kupima nguvu ya sauti kwa kuyapa masafa uzito tofauti ililingana na hukumu ya wasikilizaji kuliko mifumo mingine iliyokuwa tata zaidi. Kile ambacho Tume ilikiita cha kihisia mwaka 1984 sasa kilikuwa na namba.

Wakati huohuo, televisheni ya dijitali ilikuwa imelizidisha tatizo. Mfumo mpya uliruhusu tofauti kubwa zaidi kati ya mnong'ono na mlipuko, na kila kipindi kilibeba namba ya kukieleza kisimbuzi kiwango cha mazungumzo yake. Namba hiyo ilipowekwa vibaya, tangazo liliruka juu ghafla. Marekani ilizima mitambo mikuu ya analojia tarehe 12 Juni 2009. Novemba mwaka huo, kamati ya sekta inayosimamia viwango vya televisheni ya dijitali ilitoa mwongozo A/85, wenye lengo la LKFS −24.

Mbunge Anna Eshoo wa California alikwishawasilisha muswada tangu 2008. Nakala hiyo ya kwanza ilikataza matangazo yenye kelele kupita kiasi, kwa maneno yanayofanana na ya kanuni za matangazo za Uingereza za mwaka huohuo. Nakala iliyopita mwaka 2010, ikiungwa mkono katika Seneti na Sheldon Whitehouse, iliyaacha maneno hayo na kuiagiza Tume iufanye mwongozo A/85 kuwa kanuni, pamoja na matoleo yatakayoufuata. Muswada uliokuwa ukitafuta vivumishi sahihi ulikwisha kwa kutaja waraka wa mafundi. Kanuni zilianza kutumika tarehe 13 Desemba 2012, siku chache kabla Dar es Salaam nayo haijazima analojia, tarehe 31 mwezi huohuo.

Gharama ya makubaliano haya haipaswi kupitwa. Bunge lilikabidhi kiwango, pamoja na mabadiliko yake ya baadaye, kwa chombo ambacho wajumbe wake ni wenye vituo na watengenezaji wa vifaa. Mtazamaji hana kiti pale. Yeye amebakishiwa kazi ya kulalamika, kwa kuwa utekelezaji unategemea malalamiko yanayoonesha mwelekeo wa ukiukaji. Mlalamikaji anatakiwa aeleze tangazo, kituo, tarehe na saa, mambo ambayo mtu aliyeshtushwa sebuleni haandiki.

Wastani na mianya yake

Udhaifu mwingine umo ndani ya hesabu yenyewe. Tangazo hupimwa kwa wastani wa urefu wake wote. Katika toleo la awali la kipimo, ukimya ulihesabiwa pia. Mtengenezaji aliweza kuweka sekunde kadhaa za utulivu, kisha akafoka kwa muda uliobaki, na wastani ukakubalika. Marekebisho ya mwaka 2011 yaliuziba mwanya huo kwa kuziacha nje ya hesabu sehemu zilizo chini mno, na Tume iliyapokea kwa kanuni zilizoanza kutumika Juni 2015.

Mwanya mwingine haujazibika, na pengine hauzibiki kwa njia hii. Kipindi husawazishwa kwa mazungumzo yake ya kawaida, lakini tangazo huingia baada ya tukio mahususi. Likija nyuma ya kitanda cha mgonjwa anayenong'ona, litasikika kubwa hata kama limetii kanuni kikamilifu. Sheria inalinganisha wastani na wastani. Sikio hulinganisha sekunde hii na iliyopita. Hivyo mlalamikaji na fundi wanaweza wote kuwa wakweli, kama ilivyokuwa mwaka 1965, ingawa kwa kiwango kidogo zaidi.

Aidha, sheria ya 2010 haigusi redio wala video zinazorushwa kwa intaneti, ambako watazamaji wengi wamehamia. Oktoba 2025 jimbo la California lilipitisha sheria yake kwa ajili ya huduma hizo, iliyopangiwa kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2026. Safari hii bunge la jimbo halikulazimika kuitafuta mizani: liliiazima ileile ya shirikisho, pamoja na mianya yake.