Kikomo cha Kusitisha Uzalishaji

Kikomo cha kusitisha uzalishaji ni bei ambayo, soko likishuka chini yake, kampuni hupata hasara ndogo ikisimamisha kazi kuliko ikiendelea. Vitabu vya uchumi vya Kifaransa hukiita seuil de fermeture, yaani kizingiti cha kufunga. “Kusitisha” kunafaa zaidi: aliyesitisha bado anadaiwa pango na riba, ilhali aliyefunga ameondoka sokoni.

Hesabu yake hutenganisha gharama zisizobadilika, ambazo hulipwa hata mashine zikilala, na gharama badilifu, ambazo hupanda na kushuka kufuatana na kiasi kinachozalishwa. Chukulia tanuri la mikate la kubuni mtaani Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura. Pango, mlinzi na marejesho ya mkopo ni faranga 1,200,000 kwa mwezi. Unga, hamira, kuni na vibarua ni faranga 2,000 kwa mkate, na huuzwa mikate 3,000. Kwa bei ya 2,300, mwenye tanuri anapoteza 300,000. Akizima moto anapoteza 1,200,000 zote. Basi aoke, hata kwa hasara. Bei ikianguka hadi 1,900, kuoka kunamtia hasara ya 1,500,000, na hapo kulala ni nafuu. Unga ukipanda bei hadi gharama badilifu za mkate zizidi bei yake, matokeo ni yaleyale.

Nje ya vitabu mambo si mepesi hivyo. Aprili 2020, bei ya almasi ilipoporomoka wakati wa korona, mgodi wa Williamson huko Mwadui, Shinyanga, ulisimamisha uzalishaji ili kulinda fedha taslimu zilizobaki. Kazi zilirejea 2021. Mgodi uliosimama bado hutaka ulinzi na matunzo ya mitambo, na mafundi walioondoka hawarudi kwa kupigiwa simu tu. Kwa hiyo kampuni nyingi huvumilia bei iliyo chini kidogo ya kikomo zikitarajia soko kuinuka, na benki ikikataa kuzikopesha, uvumilivu huo huisha mapema.

Si kila kusimama kunahesabiwa humu. Novemba 2022, mgodi huohuo ulisimama tena baada ya ukuta wa bwawa la tope la mabaki kubomoka. Bei ya almasi haikuhusika, na istilahi hii haitumiki.