Kicheko Katika Mahubiri: Funzo la Pwani ya Kilwa na Lindi

Bwana wetu alipotaka kumwonya mtu anayewahukumu wenzake, alisema habari za mtu anayehangaikia kibanzi katika jicho la ndugu yake, huku boriti imo katika jicho lake mwenyewe (Lk 6:41-42). Sisi wa pwani tunaijua boriti: ni mti wa mkoko, ndio uliobeba dari za nyumba za mawe za Kilwa. Mwenye kuusikia mfano huo hucheka kwanza, kisha hulipapasa jicho lake. Hiyo ndiyo kazi ya kicheko katika mahubiri: kumlegeza mtu ili ukweli umwingie.

Lakini katika pwani yetu Injili haikuanza hivyo. Mwezi Julai 1505 majeshi ya Mreno Francisco de Almeida yaliiteka Kilwa. Watawa Wafransisko walishuka pwani na misalaba miwili, wakiimba Te Deum. Sala ilipokwisha, askari waliupora mji. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao wakaondoka, na mbegu haikuota. Nani angemsikiliza mhubiri aliyeandamana na waporaji?

Zaidi ya miaka 350 baadaye alikuja mtu wa njia nyingine. Edward Steere, mmisionari Mwanglikana, alifika Unguja mwaka 1864. Huko aliketi na wenyeji akawasikiliza, na mwaka 1870 alichapisha London hadithi walizomsimulia. Mwaka 1876, akiwa Askofu, alishuka Lindi pamoja na watumwa waliokombolewa, akawaongoza hadi Masasi walikoanzisha makazi ya Kikristo.

Mojawapo ya hadithi hizo ni ile ya punda wa dobi. Sungura alimshawishi punda aende kwa simba. Simba akamrukia, punda akaponyoka. Sungura akamrudia kwa maneno matamu, naye punda akarudi, akauawa. Simba alipoulizia moyo na masikio, ambavyo sungura amekwisha kuvila, alijibiwa kwamba mnyama yule hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, asingalirudi. Tunamcheka punda, kumbe ni sisi, tunaoirudia kila mara dhambi ile ile iliyotujeruhi! Katekista hahitaji kutafuta mfano wa mbali kwa ajili ya mafundisho ya kitubio.

Ndugu wapenzi, kicheko nacho kina mpaka wake, na wazee wetu waliuweka katika utani. Mtani huwatania wafiwa mbele ya jeneza bila mtu kukasirika, kwa sababu yeye huyo ndiye anayeshika jembe na kuchimba kaburi. Ametanguliza utumishi, ndipo akapewa ruhusa ya kusema.

Kilwa na Lindi wengi wa jirani zetu ni Waislamu. Mhubiri anayewachekesha waamini kwa kuidhihaki swala ya jirani hatanii, anatukana. Kicheko hicho huisha kanisani, na uchungu wake hubaki mtaani. Tujiulize: je, tumefika msibani kwake? Tumemsaidia kubeba mgonjwa wake? Na tunaposali, tujicheke wenyewe kwanza mbele ya Mungu, anayezijua boriti zetu zote.

Ee Bwana, utupe moyo unaoelewa na masikio yanayosikia, tusimrudie simba. Amina.