Riba ya mfululizo na jinsi deni linavyoongezeka maradufu

RIBA ni malipo anayotoa mkopaji kwa kutumia fedha za mwingine kwa muda maalumu. Aghalabu hutajwa kwa asilimia ya mkopo kwa mwaka, lakini asilimia hiyo pekee haimwelezi mkopaji atalipa kiasi gani. Sharti ajue pia riba hujumlishwa kwenye deni mara ngapi kwa mwaka, na itaendelea kujumlishwa hadi lini.

Riba ya kawaida hutozwa kwa fedha zilizokopwa pekee. Mkopo wa Sh100,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka huzaa Sh12,000 kila mwaka, na baada ya miaka mitano riba yote ni Sh60,000. Katika riba juu ya riba, malipo ya kipindi kimoja yasipotolewa huunganishwa na deni, nayo yakaanza kutozwa riba katika kipindi kinachofuata.

Kadiri vipindi vya kuunganisha vinavyoongezeka, ndivyo deni linavyokua. Mkopo huo wa Sh100,000 ukijumlishwa riba mara moja kwa mwaka utafika Sh112,000 mwisho wa mwaka. Ukijumlishwa kila miezi mitatu utafika Sh112,551, kila mwezi Sh112,683, na kila siku Sh112,747.

Kikomo cha Bernoulli

Swali lililowashughulisha wanahisabati ni iwapo deni lingekua bila kikomo endapo riba ingejumlishwa kila saa, kila dakika na kila nukta. Jacob Bernoulli, mwanahisabati wa Basel, Uswisi, alilichunguza suala hilo mwaka wa 1683.

Chukulia shilingi moja inayotozwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka. Ikijumlishwa mara moja, hugeuka shilingi 2. Ikijumlishwa mara mbili hufika 2.25, mara 12 hufika 2.61, na mara 365 hufika 2.71. Bernoulli alionyesha kwamba kuna kikomo kisichopitwa, nacho kiko kati ya 2 na 3. Kikomo hicho ni takriban 2.71828, nambari ambayo mwanahisabati mwingine wa Basel, Leonhard Euler, aliipa herufi e katika karne ya 18.

Riba inayojumlishwa kila nukta bila kukoma ndiyo riba ya mfululizo. Kanuni yake ni A = Pe^(rt), ambapo P ni fedha zilizokopwa, r ni kiwango cha riba kwa mwaka kikiandikwa kama desimali, t ni muda kwa miaka, na A ni jumla ya deni. Kwa mkopo wetu wa asilimia 12, jumla ya mwaka mmoja ni Sh112,750. Hiyo ni takriban Sh2 tu kuliko mkopo unaojumlishwa riba kila siku.

Katika kalkulasi, kanuni hiyo huthaminiwa kwa sababu hueleza jambo moja kwa ufupi: kasi ya kukua kwa deni wakati wowote ule hutegemea ukubwa wa deni lenyewe wakati huo. Benki kwa kawaida hazitozi wakopaji kwa njia hii. Hutumiwa zaidi na wataalamu wanaokadiria bei katika masoko ya fedha, na pia kupima jinsi madeni yanavyokua.

Muda wa kufika maradufu

Kutokana na nambari e hupatikana njia rahisi ya kujua deni litaongezeka maradufu lini: gawanya 69.3 kwa asilimia ya riba. Kwa asilimia 12, deni lisilolipwa hufika maradufu baada ya miaka 5.8. Kwa asilimia 18, huchukua miaka 3.9, na kwa asilimia 24 miaka 2.9. Riba inapojumlishwa mara moja kwa mwaka, wengi hutumia 72 badala ya 69.3.

Hesabu hiyo huonyesha mahali hatari ilipo. Chukua mkopo wa Sh500,000 wenye riba ya asilimia 18 inayojumlishwa kila mwezi. Usipolipwa, hufika Sh1 milioni baada ya miezi 46 na nusu hivi. Kama riba ingejumlishwa kila nukta, muda huo ungepungua kwa chini ya nusu mwezi. Lakini mkopeshaji akiongeza adhabu ya asilimia sita kwa kuchelewa, riba hufika asilimia 24 na muda hushuka hadi miezi 35. Adhabu hiyo humnyima mkopaji karibu mwaka mzima.

Kesi ikikaa miaka 10 na adhabu iendelee kutozwa, Sh500,000 hugeuka zaidi ya Sh5.38 milioni. Kwa aliyeweka hati ya shamba kama dhamana, huo ndio mwanzo wa kuletewa dalali. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Kinga ya sheria nchini Kenya

Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutekelezwa Mei 1, 2007, kiliweka mpaka. Mkopo unapokwama kulipwa, benki haiwezi kudai zaidi ya deni la msingi lililokuwapo siku ulipokwama, riba isiyozidi deni hilo, na gharama za kulifuatilia. Kwa hivyo, mwenye deni la msingi la Sh500,000 siku hiyo hawezi kudaiwa zaidi ya Sh1 milioni pamoja na gharama hizo, hata miaka 10 ikipita.

Mkopaji akianza kulipa tena kisha akakwama, kikomo huhesabiwa kuanzia mkwamo wa mwisho. Hali kadhalika, kifungu hicho hakizuii riba inayotozwa kwa amri ya mahakama baada ya amri kutolewa.

Kinga hiyo ni tofauti na sheria ya kudhibiti viwango vya riba iliyoanza Septemba 14, 2016 na kuondolewa Novemba 2019. Sheria hiyo ilihusu asilimia ambayo benki zingetoza, ilhali kifungu cha 44A kinahusu jumla inayoweza kudaiwa.

Mikopo ya muda mfupi

Hesabu ya riba juu ya riba huwa kali zaidi katika mikopo ya simu, ambapo malipo huitwa ada. Ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 huonekana ndogo: anayekopa Sh10,000 hulipa Sh10,750. Lakini anayekopa upya kila mwezi ili kulipa mkopo uliotangulia pamoja na ada yake, baada ya miezi 12 atakuwa akidaiwa takriban Sh23,818. Hiyo ni sawa na riba ya asilimia 138 kwa mwaka.

Kabla ya kutia sahihi, basi, mkopaji anafaa kuuliza asilimia ya mwaka mzima baada ya riba kujumlishwa, adhabu ya kuchelewa, na siku ambayo mkopo utahesabiwa kuwa umekwama. Kisha agawanye 69.3 kwa asilimia ya riba pamoja na adhabu. Jibu litamwonyesha miaka aliyo nayo kabla ya deni kuongezeka maradufu.