Kampala Yajipimia Hewa Yake
Kwa miaka mingi wakazi wa Kampala, mji mkuu wa jirani zetu wa Uganda, waliijua hewa waivutayo kwa macho na kwa kikohozi tu. Vumbi jekundu la barabara zisizo na lami, moshi wa magari makuukuu, wa takataka na wa mkaa, vyote vilionekana. Lakini serikali haitungi sheria kwa kukohoa. Ilihitaji takwimu, na mtambo mmoja wa kuzipata uligharimu makumi ya maelfu ya dola.

Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiongozwa na Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, si cheo), walianzisha mradi wa AirQo. Waliunda vipimahewa vidogo vya bei nafuu, na baadhi yake vikafungwa kwenye pikipiki za bodaboda. Hiyo ilikuwa busara. Mtambo uliosimikwa kilimani hueleza habari za kilima hicho; bodaboda hushuka mabondeni na kupita masokoni, huko waliko wananchi wengi. Ndani ya chombo nuru ya leza huimulika hewa, na nuru inayotawanywa na chembe za vumbi hupimwa. Kisha takwimu hupelekwa kwa mtandao wa simu.

Wasemao kwamba rahisi ni ghali hawakukosea kabisa. Unyevu huvimbisha chembe, na chombo husoma zaidi ya ilivyo. Ndiyo sababu masomo yake hurekebishwa kwa kulinganishwa na yale ya mtambo wa gharama.

Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika Machi 2025. Ubalozi wa Marekani mjini Kampala ulianza kupima hewa mwaka 2017, na matokeo yakitangazwa. Mwezi huo serikali ya Marekani ilisitisha utangazaji wa vipimo vya balozi zake duniani kote. Mji uliotegemea ubalozi peke yake ulibaki gizani. Kampala haikubaki.

Hata hivyo, kupima si kusafisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha mwaka cha vumbi laini kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, na Kampala imo mbali juu ya hapo. Uganda ilitunga kanuni za viwango vya hewa mwaka 2024. Mwenye basi kuukuu hana fedha za kununua jipya, wala mama apikaye kwa mkaa hana za gesi. Na hapo ndipo kanuni hizo zitakapopata taabu.